Machozi Hayasomi Mshale

Machozi hayasomi mshale.

Mmeisikia jana makaburini. Bibi Eulalia aliisema kwa sauti ya chini wakati jeneza linashushwa, na nyinyi vijana mkatazamana. Leo mmekuja kuuliza imetoka wapi. Mtaambiwa. Ila kwanza mwambiwe hili: mliangalia pembeni. Nyote, hata wewe uliyevaa miwani ya jua msibani. Mwenzenu Deusi amefukiwa na ukuta wa machimbo ya kokoto, na kwenye mlango wa ofisi ya machimbo ilikuwa imebandikwa karatasi yenye sahihi ya mwenye machimbo: mvua isisimamishe kazi, anayeuogopa ukuta awapishe wengine. Asubuhi ya mazishi karatasi haikuwapo. Zilibaki alama nne za gundi kwenye ubao wa mlango, mkapita mbele yake mmebeba mashada. Mwenye machimbo akaja na jeneza la msonobari, akalia, nanyi mkalia, halafu kila mmoja akayatazama matope ya viatu vyake kama vile ndiyo kwanza anaviona.

Kulia mnajua. Kingekuwako kikombe cha kushindania kulia, kingekuwa juu ya kabati la kijiji hiki miaka yote.

Haya, kaeni. Na atakayechomoa simu katikati aondoke. Simu zitahitajika baadaye, si sasa. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za majumbe, huku kwenye nchi ya mawe makubwa upande wa Singida, palikuwa na kijiji kikiitwa Unyasughe. Watu wake walikuwa watu wa upinde. Kila mshale wa Unyasughe ulikuwa na chale. Chini kidogo ya manyoya, mwenye mshale alikata alama zake: huyu miviringo mitatu, yule mkato mmoja na vidoa viwili, na hapakuwa na wawili waliofanana. Mnyama akienda kuangukia mbali, waliomfikia hawakugombana. Walichomoa mshale wakausoma, basi, nyama ina mwenyewe.

Na palikuwa na sheria. Ukipoteza mshale, kabla jua la siku hiyo halijazama ulisimama kisimani, wanawake wakiwa wanateka maji, ukatangaza: "Jamani, mshale wangu umepotea." Kwa nini kisimani? Kwa sababu wanawake wa kisimani hawasahau. Usipotangaza, na kesho mshale wako ukutwe ndani ya mbuzi wa mtu, usije ukafungua kinywa kusema uliibiwa. Mshale usio na chale kabisa haukuchongwa. Aliyekutwa nao aliitwa mwuaji, hata kama maisha yake yote hajaua panya. Hawakujua a wala be watu wale, lakini mtoto wa miaka saba alisoma mshale.

Dini ilipofika waliipokea vizuri, na yaliyowakaa zaidi ni yale ya upinde. Walimpenda Ishmaeli aliyekulia jangwani akawa mpiga upinde. Walimpenda Yonathani. Waliposikia kwamba Mungu ameuweka upinde wake mawinguni baada ya gharika, walikubaliana kwamba mtu akimaliza ugomvi hutundika upinde ukutani, na kwamba Mungu naye ana adabu hiyo.

Basi Padre, ambaye alikuwa akija kwa baiskeli mara nne kwa mwaka, akaona awafurahishe. Akawaletea sanamu ya Mtakatifu Sebastiani, mlinzi wa wapiga upinde. Ilikuwa ya mti, kimo cha mtoto wa miaka kumi, mtu amefungwa kwenye kisiki, na mwilini ana matundu sita. Mishale yake sita ilikuwa imevunjika njiani ndani ya mzigo.

Watu wakaizunguka. Mzee Njoghomi, ndiye aliyekuwa mchonga mishale wa kijiji kizima, akaingiza kidole kwenye tundu la ubavuni, akakitoa.

"Padre, huyu alikuwa mpiga upinde?"

"Hapana, mzee. Alikuwa askari. Alipigwa mishale."

"Basi umekosea. Wa wapiga upinde ni wale waliompiga. Huyu ni wa waliopigwa."

Watu wakacheka. Padre naye akacheka, maana alikuwa mtu mwema. Ubaya wake ulikuwa kwamba alikuwa na haraka. Mke wa mtunza kisima, Leokadia, ambaye ndiye mwenye hadithi hii, hakucheka. Akauliza, "Chale za nani?"

"Chale?"

"Kwenye mishale iliyomwingia. Za nani?"

Padre akaeleza kwamba ilikuwa amri ya Kaizari. Akaeleza kwamba hata hivyo Sebastiani hakufa kwa mishale ile. Mjane mmoja, Irene, alikwenda kuuchukua mwili auzike akakuta unapumua. Akachomoa mishale mmoja mmoja, akamwuguza nyumbani kwake. Alipopona, rafiki zake walimwambia akimbie. Akakataa. Akaenda akasimama kwenye ngazi anakopita Kaizari, akamwambia usoni kwamba anaua watu wasio na kosa.

"Basi yule mjane aliisoma," akasema Leokadia.

"Habari zake hazisemi hivyo, binti."

"Bila kusoma, angejuaje wa kumwendea?"

Padre akasema swali hilo ni zuri, kama wasemavyo wasomi wakikosa jibu, akaomba wanakijiji watoe mishale sita ya kujaza matundu. Hakutoa mtu. Nani akubali chale zake zikae ubavuni mwa mtakatifu mpaka mwisho wa dunia, kila Jumapili watoto wakizisoma? Padre akasema, basi mchonge isiyo na chale. Ikabidi Mwalimu Fulgensi, katekista, amwinamie Padre sikioni kumweleza alichokuwa amesema. Sanamu ikabaki vile. Vijana wakamwita Baba Matundu. Nyigu wakajenga kwenye tundu la sita, lile la ubavuni, na mambo yakaendelea.

Sasa, kisima. Kilikuwa chini ya jiwe kubwa, na mume wa Leokadia, Melkiori, alikuwa mtunza kisima kama baba yake na babu yake. Kazi yake ilikuwa kuzoa matope na kuhakikisha hakuna mtu anayekizungushia uzio. Maji ni ya watu wote. Lakini Jumbe Mughenyi alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wa kijiji kizima wakichanganywa, na mwaka ule mvua zilichelewa. Mara mbili watu wake walileta miiba kuzungushia kisima, na mara mbili Melkiori aliiondoa, akaipanga vizuri pembeni mwa njia, asije mtu akachomwa.

Mara ya tatu hawakuleta miiba. Adhuhuri moja ya mwezi wa kumi na mbili, wanawake walioenda kuteka walimkuta amelala kifudifudi kwenye matope aliyokuwa akiyazoa, mshale mgongoni.

Waliitwa wanaume wanne. Mzee Njoghomi ndiye aliyeuchomoa, kwa kuwa alijua kuchomoa. Alipouchomoa aliutazama. Wale watatu nao waliutazama. Kisha mzee akauviringisha kwenye shuka lake, na Leokadia alipofika mbio, kanga imemdondoka njiani, akamkuta analia.

"Mshale uko wapi?" akauliza.

"Umevunjika, mwanangu," akasema mzee, akalia zaidi.

Hapo ndipo ulipoanza msiba, na ulikuwa msiba mkubwa. Jumbe Mughenyi alichinja ng'ombe. Alisimama mbele za watu akasema ni wapita njia, watu wasiojulikana, nchi imeharibika. Na alipofika kwenye jina la marehemu sauti ikamkatika. Huenda machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo halikuwa shida ya Leokadia. Shida ya Leokadia ilikuwa kwamba kila alipouliza mshale uko wapi, watu walimpa uji.

"Mshale uko wapi?" aliwauliza wanawake wenzake waliolala naye matangani.

"Lia kwanza, dada. Ukilia utapata nafuu."

"Nimeshalia. Mshale uko wapi?"

"Jamani, mwenzetu anaanza kurukwa na akili. Mleteeni uji."

Ukaletwa uji. Kufika siku ya saba alikuwa amekunywa uji wa ulezi, wa mtama na wa uwele, na hapakuwa na mtu aliyemjibu. Walilia naye asubuhi, wakalia naye jioni, wakalia vizuri, kwa zamu, kwa sauti za kupokezana, mpaka akawa anatamani wamtukane ili angalau asikie neno jipya. Wale watu wanne wakimwona walishika vichwa na kuanza upya. Katika kijiji ambacho mtoto wa miaka saba alisoma mshale, watu wazima wanne walikuwa wameusoma mmoja, na wote wamepatwa na mafua ya macho.

Na muda ulikuwa unakwenda. Desturi yao ilikuwa hivi: siku ya kuanua matanga, mkubwa wa kijiji humwaga kata ya maji kwenye kizingiti cha marehemu na kusema, "Yamekwisha." Baada ya neno hilo damu haina kinywa. Aliyeua hata akija kuungama, hakuna wa kumsikiliza. Mkubwa wa kijiji alikuwa Jumbe. Akapanga matanga yaanuliwe tarehe ishirini ya Januari, sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani, Padre akiwapo, mambo yote mara moja. Na miiba ikaanza kurundikwa karibu na kisima, kidogo kidogo. Watu walipita kando yake na ndoo zao. Walitazama wapi? Mnajua walitazama wapi.

Leokadia akaenda kwa Mwalimu Fulgensi. Alimkuta uani anawamwagia kuku pumba.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele na milele, amina. Karibu, mama. Pole sana."

"Pole zenu nimezichoka, mwalimu, usinielewe vibaya. Mshale uliomwua Melkiori umefichwa. Wewe ndiye unayesoma vitabu. Niambie la kufanya."

Mwalimu Fulgensi akakohoa kikohozi cha mtu anayetafuta mstari. "Mama, yupo mfalme mmoja, Ahabu. Vitani mtu fulani alivuta upinde kwa kubahatisha tu, hakumlenga mtu, na mshale ukampata mfalme pale vipande vya dirii yake ya chuma vilipoungana. Mishale ina njia zake. Wakati mwingine haina mtu nyuma yake."

"Ahabu alikuwa vitani," akasema Leokadia, "tena amebadilisha nguo asitambulike. Melkiori alikuwa anazoa matope, na kaptula ileile tunayoijua wote. Halafu Ahabu aliyatafuta mwenyewe. Si ndiye aliyechukua shamba la jirani yake, na jirani akauawa? Ulitufundisha wewe. Leo umelirukaje hilo shamba?"

"Mama Leokadia..."

"Na Yonathani je? Ulituambia Daudi alikuwa amejificha, na Yonathani hakuweza kumwita, akapiga mishale. Mshale ukianguka huku maana yake rudi, ukianguka kule maana yake kimbia. Aliyetumwa kuiokota aliokota miti tu. Daudi aliyejua maana yake akapona. Kumbe mshale ni barua, mwalimu. Hivyo ndivyo ulivyotufundisha."

"Umeyasikiliza vizuri sana mafundisho," akasema mwalimu kwa unyonge.

"Wewe je?"

Mwalimu Fulgensi akageuka akawafukuza kuku, ambao hawakuwa wamemkosea kitu. Aliporudisha uso, Leokadia alikuwa ameshafika njiani.

Zilibaki siku tano. Akaenda kwa Mzee Njoghomi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngozi, kisu mkononi, maranda ya miti yamemzunguka miguuni. Alipomwona tu, mdomo ukaanza kumcheza.

"Shikamoo, mzee. Usilie. Una kisu, utajikata."

"Marahaba, mwanangu." Akajifuta kwa kiganja. "Mwenzio nimezeeka."

"Umezeeka mwezi huu. Mwaka jana ulikuwa mtu mzima tu."

 Leokadia akaketi chini, akaokota wano, mti wa mshale ambao haujatiwa chembe ya chuma, akauzungusha vidoleni. Jumbe Mughenyi alikuwa na nyumba tatu hatua mia kutoka pale, na moshi wake ulionekana juu ya ua. Leokadia akaongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekuja kuagiza mpini wa jembe.

"Nataka mishale ya Baba Matundu. Nimeamua niijaze mimi, kwa ajili ya roho ya marehemu. Nichongee mitano, isiyo na chale."

"Isiyo na chale siichongi. Baba yangu hakuichonga."

"Padre alishatoa ruhusa. Lawama nitaibeba mimi."

Mzee akafikiri. Kisha akasema, polepole, "Lakini matundu yake ni sita."

"Kuhesabu najua, mzee."

Kisu kikasimama. Kuku wa jirani akapita kati yao, akadonoa, akaenda zake. Mzee Njoghomi akautazama ule moshi juu ya ua, akamtazama Leokadia, akautazama tena moshi.

"Umejuaje kama ninao?"

"Umelia mno. Asiyejua kitu hulia siku tatu akarudi shambani."

"Nina wajukuu, Leokadia."

"Wanakunywa maji wapi?"

Mzee akainamia kisu chake.

"Miiba imefika kiunoni," akasema Leokadia. "Jumapili atamwaga maji kizingitini kwangu, atasema yamekwisha. Jumatatu atafunga kisima. Jumanne wajukuu zako watakwenda kumpigia magoti wapewe kata moja. Na wewe utalia. Nitakusikia mpaka kwangu, kwa kuwa unalia kwa sauti kubwa, Mungu akusamehe."

"Ukiulizwa umeupata wapi?"

"Nitasema umetoka mgongoni mwa mume wangu. Si ndiko ulikotoka?"

Mzee akainuka kwa kushika goti. Akaingia ndani. Leokadia akasikia nyasi za paa zikichakurwa, vumbi likadondoka, mtu akapiga chafya. Alipotoka alikuwa na kitu kirefu ndani ya kipande cha gunia. Hakumkabidhi. Alikiweka chini juu ya maranda ya miti, akarudi kwenye ngozi yake akashika kisu, kana kwamba si yeye aliyekiweka.

"Mitano yako njoo uchukue Jumamosi," akasema.

Sikukuu ikafika, na mvua nayo ikafika siku hiyohiyo, ya kwanza ya maana tangu mwaka uanze. Kanisa lilijaa. Jumbe Mughenyi alikaa mbele, kofia magotini, na kata ya maji ya kuanulia matanga imewekwa chini ya benchi lake, imefunikwa jani. Mwishoni, kabla ya baraka, Padre akatangaza kwa furaha kwamba mama mmoja mfiwa amejitolea kumjazia mtakatifu mishale yake, na watu waige mfano huo.

Leokadia akasimama. Akachomeka wa kwanza begani, wa pili pajani, wa tatu, wa nne, wa tano. Myeupe yote, mipya, haina alama. Watu waligeuza nyuso kidogo, maana mishale ile ilikuwa inatisha. Kisha akafungua gunia.

Wa sita haukuwa mweupe. Chembe yake ilikuwa imeshika kutu nyekundu, na mti wake umeingia doa jeusi mpaka nusu. Akausukuma kwenye tundu la ubavuni, kiota cha nyigu kikabomoka kikamwagika udongo sakafuni.

"Huu," akasema, "umetoka mgongoni mwa Melkiori."

Mnajua kanisa lilifanya nini? Lilianza kulia. Benchi la kwanza likaanza, la pili likapokea, mpaka nyuma kwenye mlango, zile sauti za kupokezana alizozijua siku arobaini. Wanawake wakaanza kumsogelea wamshike, na hakika kama uji ungekuwapo wangemletea.

"Nyamazeni," akasema Leokadia. Hakupiga kelele. Alikuwa amechoka tu, kama mtu anayewaambia watoto jambo lile lile kwa mara ya mia. "Nyamazeni, jamani. Machozi hayasomi mshale. Siku arobaini mmelia, mshale umekaa kwenye paa la nyasi. Mzee Njoghomi, njoo usome."

Mzee alikuwa analia kuliko wote. Akasimama, akatembea kwa kushika mabenchi, akafika mbele ya sanamu, akainamisha uso. Hakuona kitu. Macho yalikuwa yamejaa.

"Futa," akasema Leokadia.

Akafuta kwa ncha ya shuka.

"Miviringo miwili," akasema mzee. Sauti yake haikufika nyuma, lakini wa mbele waliwapokeza wa nyuma. "Miviringo miwili, na mkato mmoja wa mshazari kati yake."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa mia moja na zaidi viligeukia benchi la mbele, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na mbili hakuna aliyetazama miguu yake.

Jumbe Mughenyi alisimama taratibu, kwa heshima zake zote. "Mshale ni mti," akasema. "Mti huibwa. Wangapi wanaingia kwangu? Nimeibiwa, kama mtu yeyote anavyoweza kuibiwa."

"Inawezekana," akasema Leokadia. "Na ukiibiwa hutangaza kisimani kabla jua halijazama. Ulitangaza siku gani?"

Jumbe akafungua kinywa.

"Mimi huwa kisimani kila siku," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma, yule yule wa uji wa uwele. "Sijamsikia."

"Wala mimi," akasema mwingine.

"Alikuja kuhesabu ng'ombe," akasema wa tatu. "Mshale hakuutaja."

Wakaanza kusema mmoja mmoja, wale waliokuwa wamelia naye matangani, sauti kavu, siku kwa siku, nani aliteka na nani, nani alipita, maana wanawake wa kisimani hawasahau. Padre, ambaye ndiyo kwanza anaelewa, akanyoosha mikono. "Wanangu, leo ni sikukuu. Tusameheane kwanza, halafu..."

"Padre," akasema Leokadia, "huyu hapa alipopona, alianza na lipi? Alisamehe kwanza, au alikwenda kwanza kwenye ngazi za Kaizari?"

Padre akavua miwani yake. Safari hii hakuwa na haraka.

"Alikwenda kwenye ngazi," akasema.

Jumbe Mughenyi akavaa kofia yake humo humo kanisani akatoka mvuani. Kata ya maji aliisahau chini ya benchi. Neno "yamekwisha" halikusemwa siku ile wala siku nyingine. Msiulize kama alinyongwa. Wakubwa wake walikuja, wakaandika, wakaenda, mnajua wakubwa. Lakini mtu ambaye damu bado ina kinywa juu yake hakai mahali. Alipokwenda kisimani wanawake walisimamisha ndoo wakamtazama, ndivyo tu, wakamtazama, na kabla mtama haujavunwa alihamisha ng'ombe wake kwa wakwe zake, mbali. Ile miiba waliipikia uji. Leokadia alisema huo ndio uji pekee uliompita kooni.

Na sasa sikieni kipande ambacho watu hupenda kukiruka. Jioni ile ya sikukuu, watu walimfuata njiani, mmoja baada ya mwingine, wale wanne na wengine wengi, wakimnong'oneza, "Tulijua, mama. Toka siku ya kwanza tulijua."

Leokadia hakusimama. Aliwajibu akitembea.

"Mlijua," akasema, "mkalia."

Hiyo ndiyo asili yake. Sasa tumefika kwa Deusi.

Matanga yake yanaanuliwa kesho saa nne. Mwenye machimbo amealikwa azungumze. Ameandaliwa kiti cha plastiki chenye mikono. Atasema ajali ni mpango wa Mungu, atakatika sauti, na mkimwacha akamaliza, keshokutwa wengine kumi watashuka chini ya ukuta uleule na sururu zao. Karatasi yake ameibandua. Lakini kabla haijabanduliwa kuna mtu aliipiga picha, yupo hapa, na ndiyo sababu tangu hadithi ianze amekalia mfuko mmoja upande kama mtu mwenye jipu.

Ndiyo, wewe. Hakuna atakayekutaja jina. Njoghomi naye hakutajwa mpaka alipoinuka mwenyewe. Una mama yako na wadogo zako, tunajua. Wanakula kokoto za nani?

Usisubiri kesho saa nne, maji yakiwa yameshamwagwa. Chomoa simu. Ongeza mwanga. Tusomee sahihi iliyopo pale chini, kwa sauti, herufi kwa herufi, na nyinyi wengine mtatembea naye sasa hivi mpaka kwa mama yake Deusi akaisikie. Na wewe unayeanza kulengwalengwa hapo pembeni, futa.

Machozi hayasomi mshale.